Mgongo wa Mama Mkwe

…mshike, anasema mkufunzi wetu, mshike tu mwalimu, na mikono yangu iko hapa hewani nyuma ya mgongo wa mama huyu, haishuki wala hairudi, na feni ya ukumbi inazunguka juu ikilia kila inapomaliza duru, na watu wote wananitazama, wauguzi upande ule, sisi walimu wa mazoezi wa mahoteli ya Diani upande huu, na Muange, anayefundisha mazoezi ya viungo kwa muziki katika hoteli iliyopakana na yangu, ananinong'onezea kisogoni, "Mbuvi, si ushike tu, huyo ni mathe wa kawaida, tumalize twende tea," mathe wa kawaida, laiti angalijua, huyu ni Bi Mwanarusi wa Kinondo, ndiye aliyemzaa mke wangu Mishi, ndiye nyanya wa mwanangu Alfani, na humu ndani hakuna anayejua hayo isipokuwa mimi na yeye, nami sijasema, naye hajasema, ameketi ukingoni mwa kiti cha plastiki kama alivyoelekezwa, nyayo zimekanyaga sakafu, mikono juu ya mapaja, leso ameifunga vizuri kichwani, anangoja, na mgongo wake uko hapa mbele ya macho yangu, mgongo ambao nimeukimbia miaka miwili, umepinda kuanzia katikati ya mabega hata kidevu kinakaribia kifua, sikujua kuwa umepinda hivi, Mishi alisema tu mgongo unamsumbua mama, uzee huo, nami nikasema pole, mpelekee mafuta ya kuchulia…

"Mkono mmoja kwenye nyonga, mwingine kwenye kombe la bega," anasema Bi Sidi, mtaalamu wa viungo aliyetoka Mombasa kuja kutufundisha, sauti yake ya upole, na upole huo ndio unaonichoma, "humwinui, mwalimu, unamsindikiza, yeye ndiye anayesimama, lakini akiyumba mkono wako uwe umeshafika," uwe umeshafika, ndiyo, nimesikia, nimeyasikia haya tangu jana, kwamba mifupa ya watu wazima, hasa akina mama, hulika kwa ndani pasipo mtu kujua, nje mfupa mzima na ndani matundu matupu, akatupitishia kipande cha tumbawe kikavu cha ufuoni kila mtu akibonyeze, kikavunjika mkononi mwa muuguzi mmoja akapiga yowe, tukacheka, na akasema mifupa ya namna hiyo haitaki kulazwa kitandani kama tunavyodhani, inataka kazi, inataka kusimama na kuketi, kuinua visigino, kusukuma ukuta, lakini kuna mambo haifanyiwi kabisa, na hapo ndipo aliponiita mbele, jana hiyo, kwa kuwa nilikuwa na fulana ya hoteli na filimbi shingoni, "tuonyeshe unavyowapasha misuli wageni wako wazee," nami kwa majivuno nikainama, magoti nimeyanyoosha, vidole vikagusa viatu, chini, juu, chini, juu, nikajipinda kiunoni kushoto na kulia, nikalala chali nikainuka kwa nguvu ya tumbo, naye akaningoja mpaka nikamaliza, akasema, "ahsante sana, mwalimu, hayo yote uliyotuonyesha ndiyo tusiyoyataka, ukimkunja hivyo mama mwenye mifupa ya tumbawe unamvunja uti wa mgongo huku unampigia filimbi," ukumbi mzima ukacheka, hata mimi nikacheka, nikasema nimeaibika leo, kumbe aibu ya jana ilikuwa mchezo wa watoto, kumbe nilikuwa sijaletewa yangu…

kwa sababu leo asubuhi wakaletwa akina mama wa vijijini, ili tujifunze kwa miili ya watu na si kwa picha za ubaoni, gari likasimama mlangoni, nami nilikuwa pale pale mlangoni nikipunga upepo, akashuka mama mmoja, akashuka mwingine, kisha ukashuka mkongojo, na nyuma ya mkongojo yeye, na kabla akili yangu haijasema neno mwili wangu ulikuwa umeshainama, nimeinama kufunga kamba ya kiatu, na kamba haikuwa imefunguka, nikaifungua ndipo nikaifunga, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, baba wa mtoto, nikaona miguu yake ikinijia, amevaa ndara za buluu, ndara hizo nilizinunua mimi Ukunda nikampa Mishi ampelekee, miguu ikafika mbele ya uso wangu ikasita, ikasita kidogo tu, halafu ikaenda zake ndani, wala hakuniita, na mimi nikabaki na kile kiatu, nikiomba ardhi iniwie radhi inimeze, na nilipoingia nikakaa nyuma ya Muange ambaye ana mabega mapana, nikasema nitajificha mpaka adhuhuri, kisha wataondoka, lakini Bi Sidi akaanza kutupanga mmoja mmoja, wewe na mama yule, wewe na mama yule, na aliponifikia mimi akaangaza macho akasema, "Mbuvi, wewe una nguvu, mchukue Bi Mwanarusi, yeye ndiye anayehitaji mtu madhubuti"… madhubuti…

kwetu Wakamba mtu na mkwewe hawakutani, baba yangu alinifundisha hivyo, alisema zamani ukimwona mama wa mke wako anakuja njiani wewe unaiacha njia, unaingia kichakani mpaka apite, ndiyo heshima, alisema hayo tukipalilia mahindi Shimba Hills, kwenye shamba tulilogawiwa, mbali na huko Ukambani ambako mimi nimefika mara chache kama mgeni, na asubuhi nzima nimekuwa nikijiambia ni mila hiyo, ni mila tu Mbuvi, huna kosa, hata kwa Wadigo, watu wa mke wangu, mkwe ana heshima zake, lakini nisijidanganye, mila nimeifanya kichaka, kinachonizuia kumshika mama huyu si baba yangu wala si Wakamba, ni ndoo, ni ile ndoo, Mola wangu, mbona nimeifikiria, nilisema sitaifikiria…

mwaka ule wa fujo, tisini na saba, waliposema watu wa bara warudi kwao, nami kwangu ni wapi, nimezaliwa hapa hapa Kwale, nimesilimu ili nimwoe Mishi, nimepewa jina la Swabir, lakini jina halifichi lafudhi, na hotelini na kwenye kitambulisho bado mimi ni Mbuvi, na nyumba za jirani zetu Ukunda zilipoanza kuchomwa Mishi akasema twende kwa mama, alikuwa na mimba ya Alfani, mimba kubwa ya kushika kiuno, tukapita mashambani alfajiri mpaka Kinondo, na mama huyu hakuuliza kitu, alinitazama mara moja akasema "ingia," akanitia katika chumba chake mwenyewe, chumba cha ndani kisicho na dirisha, akashusha pazia, akaenda kuketi mlangoni na kusuka ukili kana kwamba hakuna jambo, na watu walipopita kuuliza nilimsikia, nilikuwa nimelala kando ya kitanda chake uso umebanwa na sakafu, nikamsikia akisema, "humu nimo mimi na mwanangu mjamzito, mwanamume ni nani atakayeingia chumbani mwangu?" na sauti yake haikutetemeka, mimi ndiye niliyetetemeka, na kutetemeka kukaniingia tumboni, tumbo likaniharibikia, likaniendesha siku zote zile nilizokaa mle, na choo kiko nje, ng'ambo ya uwanja, mtu akitoka anaonekana na kila apitaye njiani, basi akaleta ndoo, akaisogeza chini ya pazia bila ya kuchungulia, akasema, "tumia hii, mwanangu, usitoke," na Mishi hawezi kuinama wala kuinua, kwa hiyo ni yeye, kila asubuhi ni yeye, mama wa mke wangu, aliyenipa binti yake kwa fatiha na ubani, anaitia majivu, anaifunika leso kama aliyebeba nguo za kufua, anaitoa, na mimi nyuma ya pazia nimejifunika kichwa kwa shuka lake, nanuka, nasikia mpini wa ndoo unavyolia, natamani walionitafuta wanipate… na asubuhi moja nilisikia kitu, si kelele, aliguna kidogo tu kama mtu aliyechomwa mwiba, kisha ndoo ikiburutwa, nikasema nyuma ya pazia, "mama, kuna nini?" akajibu, "hakuna kitu, nimejikwaa, wewe lala," nami nikalala, nilimwamini, ilikuwa rahisi kumwamini, na mambo yalipotulia nikatoka mle sikumtazama usoni, nikashika mkono wa Mishi tukaenda, na tangu siku hiyo sijakanyaga Kinondo, sikukuu zote nina zamu hotelini, akizaliwa mtoto wa jirani nina zamu, akifa mtu nina zamu, Mishi huenda peke yake na Alfani na sukari na ndara za buluu, kwa kuwa mtu aliyekutolea ndoo yako unamtazamaje, unamwamkiaje, unakula pilau yake kwa mkono gani…

nami nilidhani hilo ndilo lote, nilidhani aibu yangu naijua mwanzo wake na mwisho wake, mpaka sasa hivi, kabla ya haya ya mshike, Bi Sidi alipochuchumaa mbele ya kiti akamshika mama magoti, akamuuliza ili sote tusikie, "mama, mgongo huu ulianza lini?" naye akasema, "mwaka ule wa fujo," "ulianguka?" "sikuanguka, nilikuwa nimeinama nainua ndoo, nikasikia kitu kimelia kah hapa katikati, tangu siku hiyo nikawa ninarudi chini kama mnavyoniona," na Bi Sidi akatugeukia, akasema mmesikia, hakuanguka, aliinama tu akainua, pingili ya uti imejikunja kama kikopo kilichokanyagwa, na ikikunjika moja ya jirani yake hufuata, kisha akamgeukia tena, hakuwa na nia yoyote, ni swali la kazi tu, "ndoo ya nini, mama, ilikuwa nzito sana?" na mama huyu akakunja ncha ya leso yake, akaikunjua, akasema, "ya maji," kisha akaongeza, "ya maji ya kuoga," na nyumba ile naijua, maji ya kuoga huachwa bafuni kwenye pipa, hakuna mtu anayeyainua kwa ndoo asubuhi, nyumba ile ina ndoo moja tu iliyokuwa ikiinuliwa, na siku ile ilipolia kah mgongoni mwake mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nimejifunika shuka, nikaambiwa lala nikalala…

"Mwalimu, una tatizo?" anauliza Bi Sidi, nasema hapana, nasikia mwenyewe kuwa hapana yangu haina sauti, naye anawaambia wenzangu, "mnaona, wengi wenu mtaona haya kumshika mama wa watu, na haya ni jambo jema, lakini haya haijamzuia mtu kuanguka," wanacheka, wauguzi wanacheka, Muange ndiye anayecheka zaidi, na mimi mikono hewani, jasho linanitiririka ubavuni, nawaza niseme naumwa, nitoke, nipande gari, leo niko zamu… na hapo sauti inatoka chini, kutoka kwenye kiti, ndogo, hakugeuza shingo, nadhani hawezi kuigeuza,

"Swabir."

Hakuna mtu hapa anayeniita hivyo, nainama, nasema, "naam, mama," na yeye anasema polepole, kwa sauti ya kunisikizisha mimi tu, "kama unaona vibaya mbele ya wenzako, mwambie bibi huyo anipe mtu mwingine, mimi sitasema kitu, tangu asubuhi nimenyamaza nisikutie aibu," nisikutie aibu, anasema yeye, anayeona kuwa aibu yangu ni yeye, mkongojo wake na mgongo wake, anadhani niliinama pale mlangoni kwa kuwa sitaki watu wa mahoteli wajue kuwa kikongwe huyu ni wangu, na mimi nasema, "sivyo, mama, wallahi sivyo," "nini basi, miaka miwili hukanyagi kwangu, nimejiuliza mpaka nimechoka, nikasema labda tulikukosea, tulikufungia chumbani kama kuku, mwanamume mzima, labda ulijiona umedhalilika kwetu," tulikukosea, ati tulikukosea, ameketi kule Kinondo miaka miwili na mgongo unashuka pingili baada ya pingili, naye anatafuta kosa alilonitendea, na mimi huku Ukunda nahesabu zamu, na neno linanitoka kabla sijalipima, "ni ile ndoo, mama," nasema, "sina uso wa kukutazama kwa ajili ya ile ndoo," na mabega ya mama yanaanza kutikisika, nimemliza, nasema moyoni nimemliza mama wa watu hadharani, na kumbe hapana, anacheka, anacheka kwa ndani, pua inatoa upepo, anasema, "ndoo! mavi ya kale hayanuki, mwanangu," na kicheko kinamzidi nguvu, kinamvuta upande, kiti kile cha plastiki kinateleza mguu mmoja, naye anaegemea kulia ambako hakuna kitu, na mikono yangu, sikuiamuru, sikuiambia shuka, mikono yangu imeshafika, mmoja kwenye nyonga, mwingine kwenye kombe la bega…

"Hapo hapo," anasema Bi Sidi, "vizuri, usimwachie," sitamwachia, ninamshika mama mkwe wangu mbele ya watu wote hawa na mbingu haijaanguka, mgongo una joto, sikutarajia joto, nilidhani nitashika ubao, chini ya dera nahisi pingili moja imetokeza, ngumu kama fundo la kamba, na juu yake pumzi inaingia na kutoka, ni mwepesi, ni mwepesi mno, na mavi ya kale hayanuki, ndiyo mama, umenisamehe kwa methali moja na kicheko, lakini pingili hii haikuisikia methali, pingili hii imekunjika na itabaki imekunjika, wala mazoezi ya Bi Sidi hayatainyoosha, amesema wazi, mazoezi yatazilinda zilizobaki, na nani angezilinda, miaka miwili hii, mimi mwalimu wa mazoezi, nimewapigia filimbi wageni wa kila nchi, na saa moja tu kutoka kwangu mama huyu anainuka kitandani peke yake kwa kushika ukuta, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu, naitunza, naificha, naiogopea isionekane, nikaiita heshima, nikaiita mila, nikaiita zamu, na katika aibu yote hiyo hakuwemo yeye hata kidogo, nilikuwemo mimi tu, ninavyoonekana, ninavyonuka, na hii inayonijia sasa ni nyingine, haitaki nikimbie, inauma kwa namna nyingine kabisa, inataka nikae hapa hapa…

"Amekuitaje, Swabir?" anauliza Bi Sidi, amekunja uso, anatutazama mmoja baada ya mwingine, "kwani mnajuana?" na Muange ameacha kucheka, na mama chini ya mkono wangu amekaza bega, amejikaza ili aseme hapana, najua atasema hapana, kama alivyosema ya maji, atanifunika leso tena anitoe kwa siri, namtangulia, nasema, "ni mama mkwe wangu, ndiye mama wa mke wangu," na sauti imetoka kubwa kuliko nilivyokusudia, muuguzi mmoja anasema "Yarabi" taratibu, uso wangu unawaka, acha uwake, watauliza mbona hukusema tangu asubuhi, waulize, sina jawabu zuri, nitawapa hilo baya nililonalo, na bega chini ya kiganja changu linalegea kidogo, kidogo sana, mtu asiyelishika asingejua… nataka kumwambia samahani, liko ulimini, ninalimeza, si hapa, samahani hapa itakuwa ni mimi tena, watu wataanza kunitazama mimi, watanihurumia mimi, naye bado ameketi ukingoni mwa kiti kinachoteleza, kwa hiyo nasogeza mguu wangu nyuma ya mguu wa kiti kisiende, nasema, "sogea mbele kidogo, mama, kifua kitangulie, ukunje nyonga, mgongo uache ulivyo, usiukunje," naye anasema, "ngoja nivute pumzi," nami nasema, "vuta, mama, hatuna haraka," na feni inalia, na yeye bado hajasimama…